Kufua kwa Haraka na Kufua kwa Kuloweka: Habari za Kufua Nguo Tangu Zamani

(Somo la redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima, Musoma, Bunda na Butiama)

Natumaini kila mmoja amekwisha kaa mahali pake, na mwalimu wa darasa ana chaki mkononi, maana leo kutakuwa na maneno ya kuandika ubaoni.

Somo letu ni la historia. Lakini si historia ya vita wala ya watawala. Ni historia ya kazi ambayo karibu kila mtu anayesikiliza ameifanya juma hili, au amefanyiwa na mtu mwingine bila hata kusema ahsante: kazi ya kufua nguo.

Watu wawili waweza kufua nguo za aina moja. Mmoja akamaliza kwa nusu saa, mwingine akachukua kutwa nzima. Yupi amefua vizuri? Swali hili ni la zamani kando ya ziwa letu. Siku hizi laulizwa hata mbele ya mashine ya umeme, kwa kuwa mashine nayo ina mzunguko mfupi na mzunguko mrefu, na mwenye mashine lazima achague. Wengine huchagua mfupi kila siku kwa kuwa wana haraka. Wengine huchagua mrefu kila siku kwa kuwa wanafikiri kitu kikikaa sana ndipo kinatakata. Tukifuata historia tutaona kwamba kabla ya kuuliza muda ni mrefu au mfupi, yafaa kuuliza kwanza: muda wa nani? Muda wa nguo kukaa ndani ya maji, au muda wa mtu kusimama na kusugua? Hizo ni saa mbili tofauti. Kama mtu hazitenganishi, hupoteza siku yake, na huku kwetu aweza kupoteza afya yake pia.

Tuanze mbali kidogo. Hapo kale wazee wa Mara hawakuvaa nguo za pamba. Wakurya, Wazanaki, Waikizu na majirani zao walivaa ngozi. Sasa ngozi haifuliwi kama shati. Ukiiloweka na kuianika juani inakakamaa kama ubao. Ngozi hulainishwa kwa siagi au mafuta, hukung'utwa vumbi, hutundikwa. Kwa hiyo kazi hii ya karai, sabuni na kamba ilikuja pamoja na nguo za kufumwa, wala si kazi ya tangu na tangu.

Nguo hizo zilitoka pwani. Karibu miaka 200 iliyopita wafanyabiashara wa mji wa Salem, huko Massachusetts, Marekani, walianza kuleta Unguja kitambaa kizito cha pamba kisichopaushwa. Mwaka 1833 Marekani ilifanya mkataba wa biashara na Seyyid Said, na biashara hiyo ikazidi kukua. Watu wetu wakakiita kitambaa hicho merikani, kwa jina la nchi kilikotoka. Misafara ikakichukua hadi bara, na mahali pengi kikawa kama fedha. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipopiganwa, tangu 1861 hadi 1865, kitambaa hicho kilipungua sana, na nguo za Bombay zikapata nafasi. Pamoja na merikani ilikuwako kaniki, nguo iliyotiwa rangi ya nili ikawa nyeusi ya bluu.

Angalieni tofauti ya nguo hizi mbili kwa mtu wa kufua. Merikani yaonyesha kila doa, lakini ni nguo ngumu, huvumilia kupigwa na kuchemshwa. Kaniki yaficha uchafu, lakini rangi yake hutoka majini. Basi tangu siku zile mfuaji alilazimika kuchagua: nguo hii ikae sana majini, au niitoe upesi? Nguo yenyewe ndiyo iliyoanza kuuliza swali hili, kabla ya mashine yoyote.

Mwaka 1901 reli kutoka Mombasa ilifika ziwani, mahali paitwapo Kisumu leo. Baada ya hapo meli zilichukua bidhaa za kila namna kwenda bandari za ziwa hili, na Musoma ni moja ya bandari hizo. Katika maduka ya mjini zikapatikana kanga, kaptura, mashuka, na sabuni ya mche.

Sabuni nayo ina hadithi yake. Sabuni ni mafuta yaliyochanganywa na magadi makali au maji ya majivu, basi. Watu wa nchi nyingi waliitengeneza nyumbani kwa mafuta ya ng'ombe na majivu ya kuni. Huko Uingereza, katika miaka ya 1880, William Lever alianza kuuza sabuni iliyokwisha katwa vipande na kufungwa karatasi yenye jina lake, Sunlight. Kabla yake muuza duka alikuwa akikata kipande kutoka mche mrefu na kukipima kwa mizani. (Katika magenge yetu bado wako wanaokata mche wa sabuni vipande, nami sioni ubaya wake. Mwenye shilingi chache naye anatakata.) Mwaka 1907 Wajerumani wa kampuni ya Henkel walitoa sabuni ya unga iitwayo Persil. Walichotaka ni kwamba nguo iweze kutakata ndani ya maji ya moto bila mama kuisugua juu ya ubao na bila kuitandaza majanini ipaushwe na jua.

Katika miji ya pwani na baadaye ya bara alikuwako pia dobi. Neno hili lilitoka Bara Hindi, na kazi yenyewe ilifika na mafundi wa huko. Dobi alikuwa mtu wa muda mrefu. Aliloweka nguo, akazipiga juu ya jiwe, akazichemsha, akazisuuza, akazianika, akazipiga pasi ya mkaa. Watu walilalamika kwamba anazipasua. Lakini jambo moja ni kweli, na wengi hawalijui: uzi wa pamba ukilowa unakuwa na nguvu kuliko ukiwa mkavu. Ndiyo maana merikani ilivumilia jiwe. Vitambaa vingine, kama vile hariri ya bandia, hulegea vikilowa. Ukivipiga hivyo vitakufa mikononi mwako.

Mwalimu, sasa andika ubaoni maneno manne, kila neno mstari wake: MUDA. JOTO. SABUNI. NGUVU. Wanakisomo wayasome pamoja, kisha tuendelee.

Mwaka 1959 mkemia mmoja Mjerumani, Herbert Sinner, aliyefanya kazi katika kampuni ile ile ya Henkel, aliyaweka mambo haya manne ndani ya duara moja. Alisema kwamba kila kufua kunahitaji yote manne: muda wa nguo kukaa, joto la maji, dawa yaani sabuni, na nguvu ya kusugua au kupiga. Ukipunguza moja, lazima uongeze jingine, ama sivyo nguo haitatakata. Ukiwa na maji baridi, ongeza muda au nguvu. Ukiwa na sabuni kidogo, ongeza joto au muda. Ukiwa na haraka, yaani muda ni mfupi, utalipa kwa sabuni nyingi, au kwa joto, au kwa mikono yako mwenyewe.

Jambo hili mama wa Mara analijua jikoni kabla ya Sinner kuzaliwa. Anayetaka kupika makande ya mahindi makavu na maharage huyaloweka usiku kucha. Kama hakuloweka, atalipa kwa kuni. Na mtu atengenezaye udaga hashindani na muhogo kwa nguvu. Huuacha, na siku zenyewe hufanya kazi ambayo mkono hauwezi. Nguo ni vivyo hivyo. Uchafu mwingi wa kila siku ni jasho, vumbi, mafuta ya mwili na chakula. Maji yenye sabuni yakipata nafasi huingia kati ya uzi na uchafu, yakaulegeza. Yule anayeloweka nguo saa moja halafu akaifikicha dakika mbili amefanya kazi ndogo kuliko yule anayeisugua ikiwa kavu dakika kumi. Nguo imetumia muda mrefu. Yeye ametumia muda mfupi.

Tena sabuni nyingi za unga zinazouzwa leo zimetiwa vimeng'enya. Hivi ni vitu vinavyokata uchafu wa damu, maziwa na chakula vipande vidogo vidogo, kama tumbo linavyosaga chakula. Mjerumani Otto Röhm alianza kuvitia katika dawa ya kulowekea nguo zaidi ya miaka 100 iliyopita, na tangu miaka ya 1960 vimeenea duniani. Vimeng'enya havina haraka. Ukivipa dakika tano havifanyi mengi, na ukivimwagia maji yanayochemka unaviua. Basi mtu anayenunua sabuni ya namna hiyo kwa bei kubwa kisha akafua kwa dakika tano, fedha yake amewapa samaki.

Nimetaja samaki kwa sababu sasa nataka tuende ziwani. Hapa ndipo kufua kwa muda mrefu kunakuwa jambo la hatari.

Watu wengi wa Musoma na vijiji vya pwani ya ziwa wamezoea kufulia majini. Mtu husimama maji yakimfika magotini, jiwe lipo, maji hayana bei, wenzake wapo na mazungumzo yapo. Nguo za nyumba nzima huchukua asubuhi yote. Naam, mamba yumo, na kila mtu anamwogopa. Lakini yuko adui mwingine ambaye haonekani, naye amewapata watu wengi kuliko mamba. Huyo ni kichocho.

Mwaka 1851 daktari Mjerumani, Theodor Bilharz, aliyekuwa akifanya kazi Cairo, Misri, aliwaona minyoo wa ugonjwa huu ndani ya mishipa ya damu ya maiti. Kwa muda wa miaka 60 baadaye waganga walibishana: minyoo hawa huingiaje mwilini? Wengi walidhani wanaingia kwa maji ya kunywa. Mwaka 1913 Wajapani wawili, Miyairi na Suzuki, walionyesha kwamba minyoo ya kichocho cha kwao hukulia kwanza ndani ya konokono. Mwaka 1915 Mwingereza Robert Leiper alionyesha hivyo hivyo huko Misri. Mambo yakafahamika. Mtu mgonjwa anajisaidia majini au karibu na maji, mayai yanaanguliwa, watoto wake wanaingia ndani ya konokono, wanaongezeka humo, kisha wanatoka kwa maelfu na kuogelea wakitafuta ngozi ya mtu. Wakiipata, huipenya kwa dakika chache tu. Huna haja ya kuyanywa maji yale. Kusimama kunatosha.

Katika ziwa letu kichocho kilichoenea zaidi ni kile cha tumbo, kinachoharibu ini kikikaa miaka mingi bila dawa. Katika malambo na mabwawa ya bara hupatikana kile cha mkojo, chenye kuleta damu. Wadudu hao wa majini hutoka kwa wingi zaidi wakati jua limepanda, kama saa nne asubuhi hadi saa nane mchana. Hizo ndizo saa za kufua, kwa kuwa ndizo saa za kukausha. Lakini asidhani mtu kwamba akienda alfajiri amepona. Hatari inapungua, haiishi.

Jambo hili limekwisha kufundishwa kwa redio hapa nchini, tena kwa njia kama hii tunayotumia sasa. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Kabla ya hapo, tangu 1968, Serikali na UNESCO walikuwa wameanza mradi wa kisomo katika mikoa minne ya ziwa, yaani Mara, Mwanza, Shinyanga na Ziwa Magharibi, na vitabu vya kusomea viliandikwa juu ya kazi zenyewe za watu: pamba, uvuvi, maarifa ya nyumbani. Halafu mwaka 1973 ikafanyika kampeni ya Mtu ni Afya. Watu kama milioni 2 walikutana kwa vikundi kusikiliza redio, kusoma vijitabu na kujadiliana. Kichocho kilikuwa katika magonjwa yaliyozungumzwa. Vikundi vikachimba vyoo vingi sana. Pengine wako kati yenu waliosikiliza siku zile wakiwa vijana, na wanaweza kulieleza darasa kuliko mimi.

Jambo la choo lilikaa vichwani. Jambo la kufua, naona, halikukaa vile. Sababu yake si ujinga. Choo huchimbwa mara moja, lakini maji ya kufulia nyumbani huchotwa kila juma, na mwenye kuyachota ni mama au binti. Kumwambia aache ziwa bila kumwambia atafuaje ni kumwongezea mzigo kichwani.

Basi tuangalie saa zile mbili tena. Mama anayefua ziwani kwa saa tatu, amempa mdudu saa tatu. Mama anayekwenda ziwani akachota ndoo zake akaondoka amempa dakika chache, na akivaa mabuti ya mpira, au akachota akiwa juu ya jiwe au gati bila kuingia majini, amemnyima hata hizo. Tena wadudu hawa wakikosa ngozi ya mtu hawaishi zaidi ya siku mbili. Maji yakichujwa yasiwe na konokono, yakawekwa ndani ya dramu au madebe yaliyofunikwa kwa siku mbili kamili, yaani saa 48, wadudu waliokuwamo wamekwisha kufa. Maji ya kufua Jumamosi asubuhi yachotwe Alhamisi asubuhi. Huo nao ni muda mrefu, lakini ni muda wa maji yenyewe. Wewe uko shambani, au uko darasani.

Kwa wale wenye bomba mambo ni rahisi zaidi, kwa kuwa maji yaliyosafishwa hayana wadudu hao. Mji wa Musoma una maji ya bomba, na upande wa Butiama uko mradi wa Mugango, Kiabakari na Butiama, ambao huyachota maji ya ziwa lile lile na kuyapeleka bara. Aliyekwisha kufikiwa na bomba na bado anakwenda kufulia ziwani kwa kupenda mazungumzo, na apeleke mazungumzo bombani. Na aliyefulia majini miaka mingi aende zahanati akapimwe. Dawa ipo, inaitwa prazikwanteli, ilipatikana katika miaka ya 1970, nayo inatibu kichocho cha aina zote mbili.

Sasa tuje kwenye mashine.

Mashine za kwanza za kufulia zilizungushwa kwa mkono. Mwanzoni mwa karne ya 20 zikaanza kuuzwa za umeme, na mwaka 1937 kampuni ya Bendix huko Marekani ikatoa mashine ya nyumbani iliyojaza maji, ikafua, ikasuuza na kukamua yenyewe bila mtu kusimama karibu. Baada ya Vita Kuu ya Pili zikaenea Ulaya na Marekani. Je, akina mama wa huko walipata mapumziko makubwa? Mwanahistoria wa Marekani, Ruth Schwartz Cowan, aliandika kitabu juu ya habari hizo mwaka 1983. Alionyesha kwamba kazi ya jasho ilipungua kweli, lakini saa za kazi za nyumbani hazikupungua kama watu walivyotazamia. Shati lililovaliwa siku kadhaa likawa la kuvaliwa siku moja. Shuka zikabadilishwa upesi zaidi. Kazi waliyokuwa wakimpa mfuaji wa nje ikarudi nyumbani kwa mama. Mashine ilifupisha kila mfuo, watu wakaiongeza mifuo. Habari hii yafaa kukumbukwa na yeyote anayetaka kununua mashine.

Leo Ulaya mashine nyingi zina mzunguko wa kubana umeme, na tangu Machi 2021 mashine za huko hupimwa kwa mzunguko huo kabla ya kubandikwa alama ya matumizi ya umeme. Mzunguko huo ni mrefu, huweza kupita saa tatu. Mtu hushangaa: itazungukaje saa tatu na bado itumie umeme mdogo? Jibu liko ubaoni. Mashine imepunguza joto, ikaongeza muda. Na joto ndilo linalokula umeme.

Tufanye hesabu kidogo. Kupasha moto lita 20 za maji, yaani kama ndoo moja kubwa, kutoka nyuzi 25 hadi nyuzi 60, kunahitaji karibu uniti 0.8 za umeme. Mota ya wati 300 ikizunguka dakika 15 hutumia chini ya uniti 0.1. Mwalimu, ziandike namba hizi, na wenye Luku nyumbani wazinakili. Kupasha ndoo moja ya maji ni sawa na kuizungusha mota hiyo zaidi ya saa mbili na nusu.

Lakini hapa lazima tuwe waangalifu, maana ushauri wa Ulaya usije ukaletwa Bunda kama ulivyo. Mashine nyingi zinazonunuliwa huku ni zile za mapipa mawili, moja la kufulia na moja la kukamulia. Hazipashi maji. Unamimina maji baridi kwa ndoo, unazungusha saa yake, ambayo kwa kawaida hufika dakika 15, na ikikoma unahamisha nguo kwa mkono. Katika mashine ya namna hiyo kurefusha mzunguko hakubani umeme, kwa sababu hakuna joto la kupunguza. Ukirudia dakika 15 mara tatu, unachoongeza ni nguvu, yaani kuzisuguanisha nguo zenyewe kwa zenyewe. Kola zinachakaa, nyuzi zinatoka, kanga inafifia. Tena maji yakishakuwa meusi hayana la kufanya isipokuwa kuurudisha uchafu ndani ya nguo.

Kwa hiyo mwenye mashine ya maji baridi na afanye kama mama wa karai. Atie maji na sabuni, azungushe dakika mbili nguo zilowe sawasawa, aizime, aziache nusu saa au saa nzima akaendelee na shughuli zake. Akirudi, mzunguko mfupi wa dakika tano hadi kumi unatosha kwa nguo za kila siku. Kisha asuuze kwa maji mapya. Kuzima mashine hakuna gharama.

Na mwenye mashine ile ya kisasa inayopasha maji? Mzunguko mfupi wa dakika 15 au 30 uliwekwa kwa ajili ya nguo chache zenye jasho tu, kwa mfano shati la kazi ya ofisini lililovaliwa siku moja. Atumie huo kwa nguo hizo bila wasiwasi. Lakini akiujaza mashuka ya nyumba nzima hadi mlangoni, maji hayapiti katikati, sabuni haitoki, na itambidi arudie. Kwa mzigo mkubwa wa siku zote achague ule mrefu wa joto dogo, aende zake.

Imebaki kusema juu ya nguo zenyewe, maana si kila nguo inafaa kukaa. Nguo ya shambani iliyoshika udongo mweusi wa mbuga ianikwe kwanza ikauke, ikung'utwe, ndipo ilowekwe. Ukiiloweka na udongo wake unatengeneza matope ndani ya karai. Nguo ya mvuvi au ya mwanika dagaa ina mafuta ya samaki. Hiyo yataka maji ya uvuguvugu, sabuni ya kutosha, na usiku mzima. Damu na maziwa vilowekwe katika maji baridi, kwa sababu maji ya moto huvigandisha katika uzi. Wafugaji mnaelewa. Kitenge kipya au kanga mpya ifuliwe peke yake, upesi, kwa maji baridi, maana rangi yake bado haijatulia. Tukumbuke kaniki ya wazee. Na nguo yoyote isilale majini zaidi ya usiku mmoja katika joto letu hili. Itanuka, na vifungo vya chuma vitaacha kutu.

Mwalimu wa darasa, sasa waweza kuzima redio. Kila mwanakisomo aandike katika daftari lake nguo tano zilizo chafu nyumbani kwake leo, na mbele ya kila nguo aandike dakika au saa ambazo nguo itakaa majini, na mbele ya hapo aandike dakika atakazosugua yeye mwenyewe. Wenye kuchota maji ziwani au lamboni waandike pia siku watakayochota. Juma lijalo, siku kama hii, tutasoma habari za pamba ya Ushashi na safari yake hadi kuwa uzi.